Lijamu za farasi: chuma kipi kina kazi gani, na kwanini farasi anayekimbia na mtu mara nyingi hadai chuma kikali

SaisiMstaafu
Wakuu habari za jioni. Juzi kwenye ule uzi wa utalii wa farasi mtu aliuliza kistaarabu tu, kile chuma cha mdomoni kinamuumiza farasi au hakimuumizi, watu wakaanza kutukanana badala ya kumjibu. Nikasema ngoja nifungue uzi wake. Nimefanya usaisi, yaani kazi ya kuhudumia farasi, miaka kumi na kitu, nimeanzia mabanda ya huku Usa River nikaenda Oman nikarudi, cheti cha chuo sina, nina vidole viwili vya mkono wa kushoto visivyokunja vizuri na hicho ndo cheti changu.

Tuanze na majina maana hapo ndo watu wanachanganyana. Lijamu ni chuma chenyewe, kinachokaa mdomoni. Hatamu ni zile kamba za ngozi unazoshika mkononi, ingawa huku Arusha mtu anaita mkusanyiko wote hatamu, na bandani wengi tunasema tu biti. Nilipofika Oman sikuwa najua Kiarabu hata cha kuombea maji ila saisi mkuu aliponiambia lete "lijam" nilienda moja kwa moja ukutani nikaitoa, akaniangalia vizuri akaniuliza kwa Kiswahili safi kabisa "wewe wa wapi?" Kumbe mzee amezaliwa Unguja. Toka siku hiyo nilikula kwake kila Ijumaa, lakini hiyo ni stori nyingine.

Sasa mdomo. Farasi dume mzima kwa kawaida ana meno 40, jike 36, halafu kati ya meno ya mbele na magego kuna pengo, ufizi mtupu pande zote mbili. Chuma kinakaa kwenye lile pengo, juu ya ulimi, hakiumwi na meno kama watu wanavyodhani. Na ule ufizi wa chini sio mto wa kulalia jamani, ni ngozi nyembamba imefunika mfupa mwembamba. Pitisha kidole kwenye mfupa wa mbele wa goti la mguu wako kushuka chini, hapo kwenye muundi, bonyeza. Ndo hivyo hivyo.

Kuna familia mbili kubwa, nyingine zote ni wajukuu.

Ya kwanza ni snafo. Hii haina mchezo, kamba imefungwa kwenye pete iliyo usawa wa mdomo, ukivuta kilo moja farasi anapata kilo moja. Inaweza kuwa fimbo moja iliyonyooka, inaweza kuwa na kiungo kimoja katikati, inaweza kuwa na viungo viwili na kipande kidogo kama punje ya haragwe katikati. Ya kiungo kimoja ukivuta kamba zote mbili inajikunja kama koleo inabana ulimi toka pembeni, farasi wengine hawajali, wengine wanakichukia kweli kweli. Ya viungo viwili inalala vizuri zaidi juu ya ulimi. Pete za pembeni nazo zina kazi zake, kuna pete legevu inayozunguka, hiyo inacheza cheza farasi hapati kitu cha kuegemea ila ikichakaa pale kwenye tundu inafinya kona ya mdomo, kuna iliyoungwa kama umbo la yai haifinyi, na kuna yenye vijiti virefu juu na chini kwa ajili ya farasi mdogo anayejifunza kukata kona, kijiti kinamsukuma shavuni anaelewa pa kwenda.

Ya pili ni kabu. Hapa kamba haifungwi usawa wa mdomo, inafungwa chini kwenye mkono wa chuma unaoning'inia, na kuna mnyororo unapita chini ya kidevu. Hii ni wenzo, ile ya fizikia ya sekondari. Mkono wa juu ukiwa sentimita 5 na wa chini sentimita 10, ukivuta kilo 1 kule juu inatoka kama kilo 2, inagawana utosini na kidevuni, na ufizi unabeba mzigo wote wa katikati. Wapanda farasi wa Marekani wale wa ng'ombe ndo yao, wanashika kamba kwa mkono mmoja na imelegea muda wote, farasi anageuka kwa kuguswa shingo tu.

Nitaendelea, nimeitwa chai.

Kigogo2trees
Nimeona kichwa cha habari nikadhani tunarudi enzi za chama kushika hatamu. Kumbe hatamu yenyewe haswa 😂

SaisiMstaafu
Hahaha mkuu hapa tunashika ile ya ngozi, ukiilegeza unaanguka kweli.

Naendelea. Kati ya hizo mbili kuna machotara. Pelham ni kabu iliyoongezewa pete ya snafo, unashika kamba mbili kila mkono, ya juu unaongea nayo kawaida, ya chini unaitumia ukihitaji breki. Wachezaji wa polo, ule mpira wa juu ya farasi, wanaipenda. Ile ya mabingwa wa dresaji, yale mashindano ya farasi kupiga hatua za madaha kwa maelekezo ya mpandaji, mnayoionaga kwenye Olimpiki, farasi ana vyuma viwili mdomoni kwa mpigo, snafo nyembamba na Weymouth ambayo ni kabu, kamba nne mkononi, hiyo ni ya farasi aliyesoma miaka mingi na mtu aliyesoma miaka mingi zaidi, ukiniona nayo nikamateni. Daraja za chini za dresaji mnaanza na snafo tu.

Gegi nayo ina kamba inayopita ndani ya pete, ukivuta chuma kinapanda kuelekea kona za mdomo na utosi unagandamizwa chini, yaani farasi anaambiwa inua na shusha kwa wakati mmoja, polo ya Gilgil kule Kenya utaziona nyingi. Kwenye mkono unaojua inasimamisha farasi aliye mbio kubwa. Kwenye mkono wa mgeni wa siku mbili ni ujinga.

Halafu Chifney, hii usiipandie kabisa, ni pete nyembamba ya kuongozea madume yakiwa chini. Imepewa jina la jokii, yaani mpanda farasi wa mbio, wa Uingereza wa karne ya 18, Samuel Chifney. Oman ilikuwa kila siku asubuhi. Dume akisimama kwa miguu ya nyuma unalegeza, HUNING'INII. Nilining'inia mara moja, ndo hivyo vidole.

Bi_Mkora
Mkuu mimi siielewi hii dini yenu. Mnamtia mnyama chuma mdomoni, mnyororo kidevuni, halafu mnaanza kutufundisha kipi ni kipole. Si mpande bila chuma basi, kuna hatamu zisizo na chuma nimeona YouTube.

SaisiMstaafu
Dada swali lako la maana na sikukwepi. Zipo, hakamoo, zinafanya kazi kwenye pua. Nimezipandia na kuna farasi wametulia nazo vizuri kuliko chuma chochote. Lakini shika pua ya farasi uone, mfupa unashuka unazidi kuwa mwembamba mpaka mwishoni unakuwa kama kijiti cha meno, chini yake ni gegedu na njia ya hewa. Ile kamba inatakiwa ikae juu ya mfupa, vidole vinne hivi juu ya tundu za pua. Sasa kuna hakamoo zina mikono mirefu ya chuma na mnyororo kama kabu, ukiifunga chini ukavuta unambana pumzi. Bila chuma sio lazima bila maumivu. Na mtu mkali anayevuta kwa hasira atavuta na kamba ya katani.

Watu wa farasi wana msemo kwamba ukali uko mkononi hauko kwenye chuma. Nausikia tangu nimeanza kazi na mimi naukubali nusu. Nusu nyingine ni kwamba mkono wa kila mtu unakosea, unajikwaa, unashtuka, farasi akiruka mtaro unajishikilia kwenye kamba bila kupenda, na siku hiyo ya kukosea ndo tofauti ya snafo na kabu ndefu inaonekana. Kwaiyo chuma kinapima kosa lako litamgharimu kiasi gani.

MtuWaNgong
Saisi wewe unajua kazi. Mimi nilikuwa Ngong racecourse, uwanja wa mbio za farasi hapa Nairobi, miaka minne, sasa niko Karen. Wacha niongeze kitu hujasema. Farasi wa mbio wengi wanavaa snafo ya D, ile pembeni yake imenyooka kama herufi yenyewe, haiwezi kuvutwa ikapita ndani ya mdomo na inasaidia kwa corner. Lakini jambo kubwa ni hili, farasi wa mbio amefundishwa kuegemea lijamu. Jokii akishika kamba fupi akakaza, farasi anaegemea na anaongeza. Hiyo ndio lugha yake, kukaza ni kukimbia. Sasa akistaafu anauzwa huko kwenu Arusha au Nanyuki, mtu anapanda, farasi anashika mbio kidogo, mtu anaogopa anavuta. Farasi anasema sawa boss, tunaenda! Wanampata Mto wa Mbu.

SaisiMstaafu
😂😂 Wanampata Mto wa Mbu. Aisee hii nilitakiwa niiweke kwenye posti ya kwanza, asante sana. Ndo mana farasi wa mbio tunamrudisha darasa la kwanza, unavuta na kuachia, unavuta na kuachia, mpaka ajue ukimshika kidogo maana yake punguza. Kukaza moja kwa moja huwezi kumshinda, ana kilo 450 huyo na shingo lake lina nguvu kuliko wewe mzima.

Sasa niwaambie kisa kilichonifanya nifungue huu uzi. Banda moja nililofanyia kazi, silitaji, kulikuwa na jike tunamwita Zawadi, chotara toka Kenya, rangi ya kahawia, mtulivu bandani hata mtoto anamsugua tumbo. Ukimpanda tu dakika kumi anaanza kutupa kichwa juu, juu, juu, halafu anaondoka. Alikuwa na snafo ya kawaida. Mwenye banda akasema huyu ana kiburi akaagiza Pelham. Wiki mbili akatulia kidogo, wote tukasema enhee unaona. Halafu akaanza upya, vibaya zaidi. Ikaja kabu yenye mikono mirefu, namkumbuka msimamizi anaining'iniza mkononi mbele yangu anasema na hii ikishindikana tumuuze. Siku ya tatu nikiwa juu yake akasimama wima akaenda nyuma. Nilichomoka pembeni nikaangukia kiwiko, yeye akaanguka chali kwenye mahindi. Tukabaki tunaangaliana. Damu ilikuwa inamtoka mdomoni kidogo na mimi nilidhani nimemuua.

Mwezi mmoja mbele akaja mganga wa meno ya farasi toka Nairobi, kuja kusaga meno ya farasi wengine, Zawadi hakuwepo hata kwenye orodha. Nikamwomba tu amwangalie, bure. Akamtia chuma cha kufungulia mdomo, akawasha taa ya kichwani, akaingiza mkono, akaguna. Akaniambia leta kidole chako hapa. Juu kushoto, mbele ya gego la kwanza, kuna kajino. Kadogo kama punje ya mahindi, kamelala pembeni chini ya ufizi, hakana kazi yoyote duniani. Kila chuma tulichomtia kilikuwa kinakagonga. Snafo ilikuwa inakagonga kidogo, zile nyingine zikawa zinakagonga kwa nguvu mara mbili tatu.

Kaling'olewa kwa dakika chache. Ninako, kapo kwenye kiberiti hapa ndani. Tukampumzisha wiki tatu kidonda kikapona, tukamrudisha na lijamu ya raba iliyonyooka, baadae snafo ya viungo viwili. Alibeba watoto mgongoni mpaka naondoka.

Hakuna mtu aliyemwomba msamaha. Na mimi nikiwemo.

Bi_Mkora
😔 Haya hapo nimenyamaza.

PundaWaShela
Salaam. Sisi huku Lamu punda hatumtii chuma, kamba na kijiti kidogo, ukimgusa shingo upande huu anakwenda upande ule, na sauti. Tangu babu zetu. Lakini nimeona vijana wanampiga punda mdomoni kwa kamba mpaka anafanya kidonda kwenye kona, na wale wa hospitali ya punda wanasema kila siku. Kwa hivyo hilo la mkono nakubaliana nalo. Swali langu, yule farasi wa pwani wanaompandisha watalii ufukweni hutiwa lijamu gani, na chumvi haimdhuru?

SaisiMstaafu
Shikamoo mzee kama ni mzee, mambo kama ni kijana. Ufukweni wengi wanatumia snafo tu ya chuma kisichoshika kutu, na chumvi tatizo lake ni kwenye chuma cha bei rahisi chenye rangi ya kung'aa juu. Ile rangi inabanduka magamba magamba, yanakuwa kama wembe, ulimi unakatika. Kupima pitisha soksi ya nailoni ya kike juu ya chuma, ikinasa popote tupa. Mke wangu alinishtukia mara ya kwanza kanikuta bandani na soksi zake, nilieleza nusu saa.

Kuna chuma kingine cha makusudi kinashika kutu, wanakiita chuma kitamu, farasi wanapenda ladha yake wanatoa mate. Na shaba nayo hivyo hivyo. Mate kidogo meupe mdomoni ni dalili nzuri, mdomo mkavu unaokaza taya ni dalili mbaya, ila povu linalomwagika mpaka kifuani na meno anayasaga hiyo nayo sio raha.

FarasiMmoja_Moshi
Wakuu naomba msaada kabla uzi haujapoa. Nina farasi mmoja tu, nimeachiwa na mzee mmoja aliyehama nchi, dume aliyehasiwa, umri wanasema 11. Nilipewa na vifaa vyake, lijamu ina mikono mirefu kama sentimita 12 hivi chini na mnyororo. Anatupa kichwa kama huyo Zawadi. Fundi mmoja kaniambia ninunue kali zaidi. Kwanza nitajuaje saizi? Pili ule mnyororo unafungwaje maana mimi nauning'iniza tu.

SaisiMstaafu
Mdogo wangu fundi huyo mwambie asante halafu usimpigie tena.

Saizi. Chukua kijiti laini cha duara au kamba ngumu, pitisha mdomoni pale chuma kinapokaa, weka alama midomo inapoishia pande zote, pima. Ongeza kama nusu sentimita hivi kila upande isibane. Farasi wengi wa huku wanaangukia inchi 5, wenye damu ya Kiarabu chini kidogo. Usidanganywe kwamba nene ndo pole, kuna farasi mdomo mdogo ulimi mnene, umeshajaa wenyewe, ukimwekea chuma kinene kama bomba hawezi kumeza mate.

Urefu wa kukaa, kwenye ya kiungo kimoja kona ya mdomo iwe na mikunjo miwili midogo, kwenye iliyonyooka iguse tu kona isikunje. Akionekana anacheka umeipandisha sana. Ikigonga meno ya mbele umeishusha sana.

Mnyororo, uzungushe kuelekea kulia mpaka pingili zote zilale kama mkeka, ndo uufunge. Mikono ikivutwa nyuma nusu ya njia, kama digrii 45, hapo ndo mnyororo uanze kugusa. Ukining'inia hovyo lijamu inapinduka mdomoni, ukikaza sana anabanwa muda wote hata ukiwa umemwachia. LAKINI usifunge chochote kwa sasa, soma chini.

MtuWaNgong
Na asubuhi ya baridi ishike kwa mkono kwanza, hasa July. Huku Karen mtu anamtia farasi chuma kimetoka nje usiku kucha halafu anashangaa anakataa kufungua mdomo. Hata wewe hungefungua.

SaisiMstaafu
Kweli kabisa, mimi naweka kwapani nikiwa napiga brashi.

FarasiMmoja fanya hivi kesho, mkononi usiwe na chuma chochote. Simama pembeni yake sio mbele. Mkono mmoja shika kamba ya kichwani, kidole gumba cha mkono wa pili kiingize kwenye kona ya mdomo, pale hakuna meno hawezi kukuuma, akifungua mdomo pitisha taratibu juu ya ufizi wa juu kuelekea nyuma, mpaka unapokaribia gego la kwanza. Usifike gego lenyewe, huko kidole kinabaki. Dume ana chonge zake hapo mbele, ndefu na zina ncha, hizo usiziogope ni za kawaida. Unatafuta kitu kidogo kigumu kilichokaa peke yake nyuma ya hapo. Angalia na kona za mdomo kama kuna kovu jeupe, na ulimi kama una mstari.

Kigogo2trees
Mimi niliingia kucheka tu, sasa nasubiri majibu ya meno ya farasi wa Moshi kama nasubiri matokeo ya form four.

FarasiMmoja_Moshi
Wakuu nimerudi. Nimechelewa kidogo alinizungusha banda zima. Kulia sijagusa kitu. Kushoto juu, mbele ya gego, kipo. Kidogo kama punje ya kunde, nikikigusa anarusha kichwa hapo hapo. Na kona ya mdomo upande huo ina kovu kama uzi mweupe. Sasa nafanyaje, wiki hii nilikuwa nimpande Jumamosi na watoto wa dada.

SaisiMstaafu
Jumamosi watoto wale keki. Usimtie chuma chochote, mvalishe kamba ya kichwani tu, mtembeze, mlishe. Yule mganga wa Nairobi huwa anashuka Arusha, nakutumia namba yake inbox sasa hivi, ukikubaliana nae niambie tarehe nije na mimi nimshike, hao wa kuhasiwa wakubwa wakiwekewa chuma cha kufungulia mdomo wanataka mtu wanayemuona. Na hiyo lijamu ya mikono mirefu usiiuze, niletee, kuna mlango wa banda hapa hauna kitasa.